Kurudilia wimbo wa mwengine: sauti nzuri peke yake haitoshi

Kila tarehe 30 Juni, kuanzia asubuhi, kuna wimbo mmoja unaotoka kwenye redio za Kongo, magharibi hadi mashariki. Kinshasa, Kisangani, Lubumbashi, Bukavu, kwenye taksi, sokoni na kwenye viwanja vya sherehe, watu wanasikia Indépendance Cha Cha ya Joseph Kabasele, yule ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Grand Kallé. Wimbo huo ulizaliwa Brussels mwanzoni mwa mwaka wa 1960, wakati wajumbe wa Kongo walipokuwa kwenye Meza ya Duara wakizungumza na Wabelgiji juu ya uhuru. Leo una zaidi ya miaka 60. Orkestra za nganda zinaupiga, fanfari zinaupiga, kwaya zinauimba, na kijana mwenye gitaa na simu anajirekodi nao chumbani mwake.

Lakini ukiuliza ni nani kati ya hao wote aliyeurudilia vizuri, watu wananyamaza kidogo. Majina yanayotajwa ni machache.

Kongo ni nchi ya kurudilia nyimbo. Wanamuziki wenyewe wanaita reprizi. Kila Jumamosi, kwenye ndoa, kwenye matanga, kwenye baa, kuna mtu anayeimba wimbo ambao si yeye aliyeutunga. Reprizi nyingi zinakufa usiku ule ule, mara tu spika zinapozimwa. Chache zinabaki, na nyingine zinakuwa kubwa kuliko wimbo wenyewe. Tofauti inatoka wapi? Swali hili si la wapenzi wa muziki peke yao. Linagusa heshima ya watunzi waliokwisha kufa na mfuko wa familia walizoziacha. Linagusa pia maisha ya vijana wengi wanaotafuta njia ya kujulikana kupitia nyimbo za wakubwa.

Rumba yenyewe ilianza hivyo

Anayedharau reprizi akumbuke kwanza historia. Kuanzia mwaka wa 1933, diski za Kuba zenye alama ya GV zilianza kuuzwa Afrika. Ya kwanza katika orodha hiyo ilikuwa El Manisero, wimbo wa muuza karanga, uliotungwa na Moisés Simons na kupigwa na orkestra ya Don Azpiazu. Diski hizo zilifika Léopoldville na Brazzaville. Vijana walizisikiliza, wakazirudilia kwa sikio, wakaimba maneno ya Kihispania ambayo wengi wao hawakuyaelewa.

Kama wangeishia hapo, leo hakuna mtu angewakumbuka. Lakini hawakuishia hapo. Walianza kuingiza Lingala na lugha nyingine za nchi. Kazi ambayo piano ilifanya katika muziki wa Kuba, waliipa gitaa. Gitaa moja likawa mawili, mawili yakawa matatu, kila moja na njia yake, mpaka ikapatikana sebene inayowasimamisha watu kwenye viti. African Jazz ya Kabasele ilianza mwaka wa 1953, OK Jazz ya Franco na wenzake mwaka wa 1956, na zote mbili zilipitia shule ya nyimbo za Kuba kabla ya kuwa walimu wa Afrika nzima. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo mbili katika orodha ya urithi wa ubinadamu. Kitu hicho ambacho dunia imekipa heshima kilianza na vijana waliorudilia nyimbo za wengine.

Somo la kwanza linatoka hapo. Kuiga ni shule, na hakuna aibu kuwa mwanafunzi. Aibu ni kubaki darasa la kwanza miaka 20. Orkestra inayopiga wimbo wa Franco sauti kwa sauti, gitaa kwa gitaa, imefanya zoezi zuri, na wateja watacheza na kufurahi. Lakini siku ya pili, mtu akitaka kuusikia wimbo ule, atamsikiliza Franco mwenyewe. Kwa nini asikilize kivuli wakati mwenye mwili yuko kwenye simu yake bure?

Swali la kwanza: kwa nini uimbwe tena?

Reprizi nzuri ni ile inayojua kwa nini imekuja. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978 na kukulia Ubelgiji. Watu wengi wamemjua kupitia filamu yake Augure, iliyopata zawadi huko Cannes mwaka wa 2023. Kabla ya hapo alirudi Kongo kutengeneza albamu iliyoitwa Kinshasa Succursale. Ndani yake kuna wimbo Le Jour d'Après, wenye pia jina la Kiswahili, Siku ya Baadaye. Na wimbo huo ni Indépendance Cha Cha.

Alichofanya Baloji si kuimba kama Kabasele. Hakujaribu hata kidogo, na angejaribu angeshindwa, kwa sababu sauti ya Kabasele ilikuwa moja tu. Alichukua muziki ule ambao kila Mkongomani anaujua, akauacha ucheze na utamu wake, kisha juu yake akaweka maneno yake, ya mtu aliyezaliwa miaka 18 baada ya uhuru. Wimbo wa mwaka wa 1960 ulikuwa wa furaha: tumeshinda, na hawa ndio viongozi wetu, na hivi ndivyo vyama vyetu. Wimbo wa Baloji unauliza habari ya kesho yake. Feti imekwisha, viti vimekunjwa, sasa nyumba inasimamaje?

Msikilizaji anasikia vitu viwili kwa wakati mmoja. Gitaa linamkumbusha furaha ya wazee, na maneno yanamrudisha kwenye maisha ya leo. Uchungu unaingia katikati ya vitu hivyo viwili. Kama Baloji angetunga muziki mpya kabisa kwa maneno yale yale, ingekuwa hotuba nyingine juu ya matatizo ya nchi, na Wakongomani wamesikia hotuba za kutosha. Kwa kuuchukua wimbo wa uhuru wenyewe, aliwaita wazee mezani kama mashahidi. Hapo mtu anaelewa kwa nini wimbo ule ulihitaji kurudiliwa, na kwa nini ulikuwa ule na si mwengine.

Hili ndilo swali ambalo kila mwimbaji angejiuliza kabla ya kushika mikrofoni: wimbo huu unasema nini nikiuimba mimi leo, ambacho haukusema ulipoimbwa na mwenyewe? Kama jibu ni "hakuna, ila watu wanaupenda", basi ni kazi ya kuburudisha. Ni kazi halali, lakini isiitwe sanaa mpya.

Mwimbaji akibadilika, wimbo unabadilika

Wakati mwengine jibu halihitaji hata neno moja jipya. Inatosha mdomo unaoimba uwe mwengine. Marekani kuna mfano unaojulikana sana. Mwaka wa 1965 Otis Redding alitoa Respect, wimbo wa mwanaume anayerudi nyumbani na kudai heshima kwa mke wake. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1967, Aretha Franklin aliuchukua. Sasa anayedai heshima ni mwanamke. Maneno mengi ni yale yale, lakini nyumba imegeuzwa juu chini. Aretha aliongeza pia sehemu ambapo anatamka neno lile herufi kwa herufi, kama mwalimu anayemfundisha mtoto asiyesikia. Tangu hapo wimbo ukawa wa wanawake na wa watu weusi waliokuwa wakipigania haki zao. Leo watu wengi hawajui kwamba uliwahi kuwa wa Otis.

Mfano mwengine ni wa Johnny Cash. Mwaka wa 2002, akiwa na miaka 70 na mwili umechoka kwa ugonjwa, aliimba Hurt, wimbo wa kundi la Nine Inch Nails uliotoka mwaka wa 1994. Wimbo ulikuwa wa kijana aliyejaa uchungu na makelele. Mzee aliuimba kwa gitaa, piano na sauti inayotetemeka. Alibadilisha maneno machache tu, pale palipokuwa na tusi. Lakini kijana anaposema maisha yake yameharibika, tunamwambia: ngoja, bado uko na muda. Mzee anaposema maneno hayo hayo, hakuna wa kumwambia angoje. Cash alikufa mwaka uliofuata. Wimbo haukubadilika sana, ila umri wa aliyeuimba uliupa uzito mwengine.

Hapa Kongo mfano wa namna hiyo ni Papa Wemba. Mwaka wa 1995, katika albamu Emotion, aliimba Fa-Fa-Fa-Fa-Fa, wimbo wa huzuni wa yule yule Otis Redding. Mwana wa Molokai, aliyelelewa na nyimbo za kilio za mama yake, alichukua huzuni ya Marekani akaiweka katika koo lake. Kuna wapenzi wa rumba waliosema kwamba alikuwa anatafuta soko la Wazungu. Labda ni kweli pia. Lakini anayesikiliza vizuri anasikia kitu kingine: sauti nyembamba ya juu, inayopanda kama inalia, ambayo haiwezi kuchanganywa na ya mtu yeyote. Hakuvaa koti la Otis. Alilipeleka kwa fundi likatwe kwa kipimo chake, na kwa sapeur hilo ni jambo la kawaida.

Kuelewa unachoimba

Sharti jingine linaonekana dogo, lakini linaangusha wengi: kuelewa maneno. Kwa wasemaji wa Kiswahili, mfano ni Malaika. Wimbo huu ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya karibu na mwaka wa 1960, ingawa mpaka leo kuna ubishi juu ya mtunzi wa kweli, na jina la Adam Salim wa Tanzania linatajwa sana. Miriam Makeba aliupeleka duniani. Harry Belafonte alikuwa naye katika albamu ya mwaka wa 1965 ambamo wimbo huo umo. Boney M. waliuimba mwaka wa 1981. Angélique Kidjo wa Benin aliuimba pia katika albamu Logozo ya mwaka wa 1991.

Hawa ni waimbaji wakubwa, na mtu anayezungumza Kiswahili anasikia haraka kwamba lugha si ya kwao. Hilo si kosa kubwa. Mgeni anaruhusiwa kukwama kwenye neno. Kosa kubwa ni kusahau wimbo unahusu nini. Malaika ni wimbo wa kijana asiyekuwa na pesa za mahari. Anampenda msichana, na umaskini umemfunga. Kwa kijana wa Bukavu, Bunia au Kalemie, hiyo si hadithi ya kupamba hoteli za watalii. Ni hesabu anayoifanya kila mwezi: mbuzi wangapi, ng'ombe wangapi, dola ngapi, na ukoo wa msichana umesema nini.

Makeba, ambaye hakuwa mwanaume wala mzaliwa wa pwani, aliuimba polepole, kama mtu anayefahamu kwamba kuna kitu kinauma. Ndiyo sababu reprizi yake inabaki. Reprizi nyingine nyingi za Malaika, zile za mahoteli na za sherehe, zinaimbwa kwa tabasamu kubwa, kana kwamba ni wimbo wa kumkaribisha mgeni kwa kinywaji. Muziki unapendeza, maneno yanapita bila mtu. Kipimo ni rahisi: kama mwimbaji angeulizwa katikati ya wimbo, "papa, unalia kwa sababu gani?", je, angejibu?

Kipimo hicho kiwahusu pia waimbaji wa Goma na Bukavu wanaorudilia nyimbo za Kinshasa. Wengi wamekua na Kiswahili na Lingala yao ni ya nyimbo tu. Wanashika sauti vizuri, lakini wanafika kwenye methali ya mtunzi na kuipita kama gari linalopita kijiji usiku. Siku moja ya kukaa na mzee anayejua Lingala vizuri inaweza kuokoa wimbo mzima.

Shauri Yako, au hatari ya kufaulu sana

Kuna reprizi inayofaulu mpaka inamficha mwenye wimbo. Ukienda baa yoyote ya Nairobi, Arusha au Kampala ambako kuna bendi ya kupiga nyimbo za zamani, hutamaliza usiku bila kusikia Shauri Yako. Uliza ni wimbo wa nani. Wengi watajibu Super Mazembe. Wengine watasema ni wimbo wa Kenya. Hata hapa Kongo kuna watu wanaoamini hivyo.

Mtunzi ni Nguashi N'Timbo, Mkongomani, aliyeurekodi na orkestra Festival du Zaïre. Super Mazembe, orkestra nyingine ya Wakongomani waliohamia Nairobi katikati ya miaka ya 1970, waliurudilia baadaye, na sauti ya Lovy Longomba ikapanda juu ya magitaa. Ndiyo hiyo ambayo Afrika ya Mashariki inaikumbuka. Lovy alikuwa mtoto wa Vicky Longomba, mmoja wa wanamuziki waliokuwa pamoja na Kabasele Brussels mwaka wa 1960 kwa ajili ya Indépendance Cha Cha. Familia moja inapatikana katika nyimbo hizi mbili.

Super Mazembe walifanya kazi safi. Hawakuuvunja wimbo, waliufungua. Mwendo wao unatembea bila haraka, magitaa yanajibizana kama majirani, na sauti inakaa juu ikilalamika bila kugombana. Reprizi kama hiyo ni nzuri, hakuna wa kubisha. Lakini matokeo yake ni kwamba jina la Nguashi N'Timbo limebaki kwa wachunguzi wa diski za zamani, wakati wimbo wake unalisha bendi katika nchi tatu.

Super Mazembe hawana kosa katika hilo. Kosa ni la mazoea ya wote wanaofuata. Mtangazaji wa redio hatamki jina la mtunzi. Bendi haitamki. Kijana anayeweka video kwenye TikTok anaandika jina la yule aliyemsikia kwanza. Baada ya miaka 40, uongo umekuwa ukweli bila mtu hata mmoja kudanganya.

Jina na franga

Hapo inafika sehemu ambayo mazungumzo ya muziki hupenda kuikwepa. Reprizi nzuri inalipa deni. Mfano mchungu kuliko yote ni wa Solomon Linda, Mzulu wa Afrika ya Kusini, aliyerekodi Mbube Johannesburg mwaka wa 1939. Wamarekani wa kundi la The Weavers waliurudilia mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Wimoweh, neno lililotokana na kusikia vibaya. Mwaka wa 1961 kundi la The Tokens liliutoa kama The Lion Sleeps Tonight, ukafika namba moja Marekani. Linda alikufa mwaka wa 1962 akiwa maskini. Wimbo uliingia baadaye katika filamu The Lion King mwaka wa 1994. Familia yake ilibidi iende mahakamani, na makubaliano yakapatikana mwaka wa 2006 tu, miaka 44 baada ya kifo chake.

Linganisha na Dolly Parton. Alitunga I Will Always Love You, uliotoka mwaka wa 1974. Elvis Presley alitaka kuuimba, lakini watu wake walidai nusu ya haki za wimbo. Dolly alikataa, ingawa ilimuuma. Mwaka wa 1992 Whitney Houston aliuimba katika filamu The Bodyguard, akianza na sauti yake peke yake bila chombo, na wimbo ukakaa wiki 14 namba moja Marekani. Whitney alipata wimbo wa maisha yake, na Dolly alipata haki yake. Hakuna aliyemfuta mwenzake. Sauti ya mmoja ni kama mlima na ya mwengine ni kama barua, na mtu anaweza kuzipenda zote mbili.

Kongo iko na sheria yake juu ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na ni mwanachama wa mkataba wa Berne, ambao unalinda kazi ya mtunzi angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kabasele alikufa mwaka wa 1983. Maana yake, Indépendance Cha Cha bado si mali isiyo na mwenyewe, hata kama kila mtu anauona kama wimbo wa taifa wa pili. Mkataba huo unasema pia kwamba kutafsiri au kugeuza kazi ya mtu kunahitaji ruhusa yake au ya warithi wake. Anayetaka kuweka maneno ya Kiswahili juu ya wimbo wa Tabu Ley ajue hilo mapema, kabla wimbo haujapendwa, kwa sababu ukishapendwa ndipo watu wanatokea.

Wengine watasema: haya ni maneno ya nchi tajiri. Mpiga gitaa wa nganda analipwa franga kidogo na chupa mbili, atatoa wapi pesa za watunzi? Swali ni la haki, na jibu liko wazi. Kwa kawaida anayedaiwa malipo ya kupiga nyimbo hadharani ni mwenye ukumbi, redio au muandaaji wa tamasha, kupitia shirika la watunzi. Si kijana anayeshika gitaa. Kama mnyororo huo ungekwenda vizuri, mpiga gitaa huyo huyo angefaidika siku anapotunga wimbo wake na wengine kuurudilia. Anayetetea mazoea ya kutolipa anafikiri anamtetea maskini, kumbe anamfungia mlango wa kesho.

Na kuna deni lisilohitaji hata franga moja: kutaja jina. "Wimbo huu ni wa Nguashi N'Timbo." Ni sekunde tatu. Mwimbaji anayesema hivyo mbele ya watu hapungukiwi kitu. Watu wanamheshimu zaidi, kwa sababu wanaona mtu anayejua alikotoka.

Vijana na simu

Leo kijana wa Goma hahitaji studio ili arudilie wimbo. Anahitaji simu, umeme saa moja, na data kidogo. Katika siku ngumu za mashariki, wakati kazi hakuna na barabara zimefungwa, kuimba wimbo wa mwengine ni njia rahisi kuliko zote za kusema "niko hapa". Hakuna sababu ya kumcheka. Watu wanasimama kusikiliza kwa sababu wimbo wanaujua, na hapo mlango umefunguka kidogo.

Ila mlango huo unajifunga haraka. Wanaoimba Fally Ipupa kama Fally Ipupa ni wengi kuliko mchanga wa Kivu. Video inapata mapenzi siku mbili, na siku ya tatu imefunikwa na nyingine iliyo sawa nayo. Anayebaki ni yule aliyebadilisha kitu kwa sababu: aliyeondoa ngoma zote na kuacha sauti na gitaa moja kavu la mtindo wa Katanga, kama alivyopiga Jean Bosco Mwenda miaka ya 1950, aliyeimba wimbo wa kiume akiwa mwanamke na kuacha watu wasikie kile ambacho mwanaume hakukisikia, aliyeimba wimbo wa ndoa polepole kwa ajili ya mtu ambaye hatarudi.

Kubadilisha bila sababu ni kosa kama kuiga. Kuna wanaochukua rumba ya dakika nane, wakaikata dakika mbili, wakaweka mpigo wa kompyuta, wakasema wameipa maisha mapya. Mara nyingi wamekata sebene yenyewe, yaani wamenunua ndizi wakala ganda. Kabla ya kuvunja ukuta wa nyumba ya mzee, ni vizuri kwanza kujua ni ukuta gani unaoshika paa.

Kwa hiyo masharti si mengi. Ujue kwa nini unauimba tena. Ujue maneno yanasema nini na yanamuuma nani. Uache mfupa wa wimbo, ulete nyama yako. Utaje mwenyewe, na palipo na pesa, sehemu yake imfikie. Anayetimiza hayo anaweza kuimba wimbo wa Kabasele mbele ya watoto wa Kabasele bila kuona haya.

Tarehe 30 Juni nyingine itafika, na redio zitapiga tena Indépendance Cha Cha. Wazee wataimba pamoja bila kukosea jina hata moja la viongozi wa zamani. Vijana wataimba kiitikio tu, kwa sababu majina yale hawayajui tena. Labda mwaka huo kuna mmoja wao, Uvira au Likasi, atakayekaa na babu yake jioni na kumuuliza kila jina ni la nani, kabla ya kushika gitaa. Reprizi yake ndiyo ya kungojea.